Pale Panapotoa Kutu

Gari lile lina mlango wa nyuma kama mlango wa nyumba yoyote, wenye kitasa na komeo. Ukiufungua unapanda vidaraja vitatu vya bati na kujikuta jikoni: jiko la gesi la macho mawili, sinki dogo, makabati yenye vifungo vya kuzuia sahani zisimwagike barabarani, na meza inayokunjwa ikageuka kitanda. Mbele ni lori dogo la kizamani kutoka Ulaya, pua fupi, taa za duara. Hatukuweza kuliita nyumba ndogo, kwa sababu kila mtu anajua maana nyingine ya maneno hayo, kwa hiyo kwetu liliitwa Nyumba, basi.

Mama alilisafisha kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mume na mke, wote madaktari wa mifugo kutoka Ulaya, waliokuwa na shamba nje kidogo ya Kitale. Kila likizo hao wawili walipanda Nyumba wakaenda zao, mara Turkana, mara Pokot, mara wakavuka mpaka hadi Uganda. Waliporudi, Mama alifua mapazia, akasugua jiko, akapangusa vumbi kila mahali, ndani na nje, hadi chini ya pua ambako wadudu na matope hukauka. Yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri ndani yake. Si kwamba alikatazwa. Hakuna aliyewahi kulifikiria.

Bwana alifia shambani. Mkewe alikaa miaka michache, akauza shamba na kurudi kwao, na kabla ya kuondoka akaandikisha gari kwa jina la Mama. Nakumbuka Mama alivyonionyesha ile kadi ya gari, ameifunga kwenye leso, akiniuliza kama jina lake limeandikwa sawasawa. Halafu Nyumba ikabaki pale pale bandani, miaka sita, kwa sababu Mama alikuwa amerudi kwetu Sirisia na hakuna kati yetu aliyejua la kufanya na gari lenye jiko. Mwaka jana mwenye shamba mpya alinipigia simu kwa adabu sana, akasema mahindi yanakaribia kuvunwa na anahitaji banda.

Mimi naishi Kibomet, papo hapo Kitale, na kazi yangu ni ya maabara katika shule ya upili. Walimu hufundisha, mimi napima asidi, naosha mirija, natayarisha mizani. Gari ninaloendesha ni pikapu ndogo. Nilidhani kuitoa Nyumba bandani na kuipeleka Sirisia itakuwa kazi ya siku moja, mradi injini iwake. Mama alikuja Kitale siku mbili mapema, kama mwenye mali, akavaa viatu vya mpira na kufunga kitambaa kichwani kana kwamba anakwenda kazini.

Injini iliwaka baada ya betri mpya na nusu siku ya kusafisha tangi. Tatizo lilikuwa usukani. Niliukata kulia, hakuna kilichotokea. Nikaendelea kuukata, bado kimya, kisha ghafla pua ikaelekea kulia kama mtu aliyeamshwa. Nikarudisha kushoto, mambo yakawa yale yale. Nilikwenda hatua hamsini kuelekea lango nikiwa napinda huku na huku kama nyoka, na mwenye shamba akasimama kando ameshika kofia yake.

Nikazima injini. Badala ya kuogopa, nilishikwa na hamu ya kujua. Kazi yangu imenizoesha hivyo. Kitu kikienda vibaya nataka kujua kimeenda vibaya kwa kiasi gani. Nilibandika kipande cha plasta kwenye ukingo wa usukani, nikachukua futi ya cherehani kutoka kwenye mkoba wa Mama, na nikamwomba asimame karibu na gurudumu la mbele aniambie likianza kusogea. Nikazungusha polepole. Usukani ulisafiri sentimita kumi na nne kabla Mama hajasema sasa. Niliandika namba hiyo kwenye daftari.

Fundi wa kwanza alikuwa jirani yangu wa Kibomet, mtu mwema anayetengeneza pikapu na matrekta nyuma ya nyumba yake. Alikuja shambani, akatikisa usukani mara mbili, akasema ni boksi. Boksi ya stelingi ni kile kichuma kizito kilichofungwa upande wa mbele wa gari. Nguzo ya usukani inaingia juu yake, na chini yake unatoka mkono unaosukuma magurudumu. Juu ya boksi kuna skrubu ya kukaza meno ya ndani. Alikaza skrubu hiyo, nikapima, namba ikashuka hadi kumi na moja, tukafurahi.

Furaha hiyo iliishia kwenye kona ya kwanza. Barabara ya kokoto za murami ya pale shambani inapinda kushoto kwenye mpaka wa majani ya ng'ombe. Nilikata kushoto, gari likapinda vizuri, kisha nilipolegeza mikono ili usukani urudi wenyewe, haukurudi. Ulibaki pale ulipo, mzito kama umeshikwa na mtu mwingine. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na bado tuliingia kwenye majani, polepole, hadi kioo cha mbele kikawa kijani kitupu. Hakuna aliyeumia. Fundi, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, alisema kosa ni lake, kwamba amekaza meno yaliyochakaa katikati tu, yakashikana pembeni, na kwamba gari lisilorudisha usukani ni hatari kuliko lile linalocheza. Aliilegeza ile skrubu pale pale, amesimama kwenye majani yaliyomfika mabegani.

Siku iliyofuata alilala chini ya gari na kukuta vichwa viwili vya tairodi, zile fito zinazounganisha magurudumu, raba zake zimepasuka na ndani mmejaa mchanga. Alivibadilisha. Nikapima: tisa. Nilimwuliza hizo tisa zilizobaki zinatoka wapi. Akapanguza mikono, akafikiri kwa uaminifu, akasema, "Gari ya umri huu lazima icheze kidogo, madam. Nenda polepole tu, itakufikisha."

Jibu hilo halikuniridhisha. Sentimita tisa ni kitu. Mahali fulani kati ya mikono yangu na barabara, chuma fulani kilikuwa kinakula sentimita tisa kila nikizungusha, na mimi sikukijua. Lakini banda lilihitajika, na yeye alikuwa amejitahidi. Tuliondoka Jumamosi asubuhi, Mama mbele upande wa abiria, mkoba magotini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti kile gari likiwa linatembea. Alisema tu kwamba barabara inaonekana kwa mbali kuliko alivyodhani.

Hadi Kiminini tulikwenda salama, nikiendesha kwa mwendo wa baiskeli na kuwapisha wote walionipigia honi. Nilijifunza kuukata usukani kabla ya kona, kama mtu anayejibu swali kabla hajaulizwa. Lakini tulipoacha barabara kuu pale Kamukuywa na kuanza kuelekea Kimilili, mambo yalibadilika. Kila tukipita kwenye shimo nilisikia ko, moja, chini ya miguu yangu. Kisha gari likaanza kuhama lenyewe. Nilikuwa nimeshika usukani umenyooka na bado pua ilikwenda kulia, ikarudi, ikaenda tena. Mama alishika kishikio cha mlango. Nilipoona mabati ya Kimilili nilijiambia sitakwenda hata mita moja zaidi ya kituo cha mafuta cha kwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

Pale kituoni nilipima tena. Kumi na sita.

Nilimpigia simu mwalimu mmoja wa shuleni kwetu ambaye kaka yake anasafirisha miwa. Akanipa namba ya fundi wa Bungoma anayeshughulikia mambo ya mbele tu, yaani stelingi na magurudumu ya mbele, na akaniambia nisishangae. Nilielewa baada ya saa moja na nusu, pikipiki ilipoingia na aliyeshuka akavua kofia ngumu: mwanamke wa umri wangu, mfupi, ovaroli iliyofuliwa ikapauka, mfuko wa spana umefungwa mgongoni kama mtoto. Alikuwa amejifunza kazi kwenye karakana ya matrekta ya miwa. Alimsalimu Mama kwanza, kwa Kibukusu, akauliza habari za nyumbani na za safari, na baada ya hapo ndipo akanigeukia.

Nilimwonyesha daftari langu. Alilisoma lote, mstari kwa mstari, na hakucheka. Aliuliza kwa nini namba ilikuwa imeshuka hadi tisa na sasa imepanda hadi kumi na sita ndani ya safari moja. Nilisema sijui. Akasema hilo ndilo swali zuri, kwa sababu kitu kilichochakaa huchakaa polepole, hakirukiruki.

Kisha akanipa kazi. Nikae kwenye kiti, injini imezimwa, nizungushe usukani kidogo kulia na kidogo kushoto, bila kukoma, bila haraka. Yeye akatandika gunia, akaingia chini na tochi, kisha nikamsikia akiizima tochi. Nilimwuliza kama betri imeisha.

"Sitaki kuona," alisema kutoka chini. "Macho inadanganya. Naweka mkono kwa kila joint. Ile imekufa, mkono itasikia."

Tuliendelea hivyo karibu nusu saa. Kulia, kushoto. Alikuwa akinitajia kila alipofika: tairodi ya kulia iko sawa, ya kushoto iko sawa, kingpini, ile pini nene gurudumu linapopindia, ina umri lakini iko sawa, mkono wa boksi umekaza. Nilikuwa nikimfuata kwa akili, nikichora ramani ya chuma ambacho sikukiona, na kila aliposema iko sawa mimi nilifurahi na kusikitika kwa pamoja, maana kila kipande kizuri kilimaanisha ugonjwa uko mahali pengine. Mwishowe akatoka, akaketi kwenye gunia, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha kushindwa. Alisema viungo vyote ni vizima, boksi imechoka lakini si ya kula sentimita kumi na sita, na mlio wa ko ameusikia kwa sikio lakini mkono haukuupata.

Mama muda huo wote alikuwa ameketi kwenye vidaraja vya mlango wa nyuma akimenya njugu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tunatafuta nini hasa. Fundi alimjibu kwa heshima, akamweleza kwamba anatafuta kitu kinachotembea ilhali hakipaswi kutembea.

"Mmeangalia pale inatoa kutu?" Mama aliuliza.

Fundi akauliza wapi. Mama akaweka njugu chini, akakung'uta maganda kwenye sketi, akaja mbele. Hakuinama chini ya gari. Alipitisha mkono nyuma ya bampa upande wa dereva, bila kuangalia, kama mtu anayetafuta swichi ya taa chumbani mwake, na akagusa mahali.

"Hapa," alisema. "Kila nikipanguza, kitambaa ilikuwa inatoka na maji nyekundu. Mahali pengine pote ni vumbi tu. Hapa ni kutu, na rangi haikuwa imetoka. Nilikuwa najiuliza kutu inatoka wapi na rangi ni nzima."

Fundi alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, kisha akachukua brashi ya waya. Alisugua pale Mama alipogusa. Pale ndipo boksi ya stelingi inapofungwa kwenye chesisi, zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazobeba gari zima. Rangi ilikuwa nene, imepakwa tabaka juu ya tabaka. Ilipotoka, chini yake ulionekana mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye tundu la boliti na kupanda juu.

Aliniambia nirudi kwenye kiti nizungushe. Nikazungusha kulia. Nikasikia akivuta pumzi. Akaniambia sasa tubadilishane, yeye azungushe na mimi nitazame, na namshukuru hadi leo kwa hilo. Nilipiga magoti kwenye saruji ya kituo cha mafuta. Alipokata kulia, ule unywele ulifunguka ukawa mdomo, ningeweza kuingiza ncha ya kisu, na boksi nzima ikainama pamoja na kipande cha chesisi. Alipokata kushoto mdomo ukafunga, ko. Viungo vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinacheza ni ukuta wenyewe ambao vyote vilitundikwa juu yake.

Sijui kama naweza kueleza raha niliyoipata. Tulikuwa tumekaribia kufa barabarani, na mimi nilikuwa natabasamu kwa sababu ya ufa.

Fundi alikataa kabisa gari litembee kwa magurudumu yake. Alipiga simu, na mchana likaja lori refu la kubebea matrekta lililokuwa linarudi Bungoma tupu. Nyumba ikapandishwa juu na kufungwa minyororo, mapazia yake ya maua yakipepea, na Mama na mimi tukaketi mbele na dereva wa lori. Kila mara Mama aligeuka kuiangalia Nyumba kupitia kioo cha nyuma. Chwele watu waliokuwa sokoni walisimama kutazama. Dereva akauliza kama tunahama.

Karakana ya fundi iko Bungoma upande wa kwenda Kanduyi, uwanja wa kokoto wenye paa la mabati juu ya nusu yake. Kazi ilichukua siku tatu, nasi tulilala kwa binamu ya Mama aliye karibu. Kila asubuhi tulirudi karakanani, mimi kwa udadisi na Mama kwa sababu alisema gari ni lake na lazima aone linafanywa nini.

Boksi ilitolewa. Chesisi ikasuguliwa hadi ikang'aa, na ufa ukaonekana wote, urefu wa kiganja. Kabla ya kuchomelea chochote, fundi alichukua kekee na kutoboa tundu dogo la mviringo mwisho kabisa wa ufa. Nilishangaa, kwa nini utoboe chuma ambacho tayari kimepasuka. Alinieleza kwamba ufa hutembea kwa sababu una ncha kali, na nguvu zote hujikusanya kwenye ile ncha; ukikutana na duara, ncha inapotea na nguvu zinasambaa. Ukichomelea bila kutoboa, ufa utapita chini ya ulehemu na kuendelea na safari yake. Nimefanya kazi kwenye maabara ya fizikia miaka ishirini na moja na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo. Nilimwomba niguse lile tundu. Lilikuwa bado la moto.

Alipokuwa akichomelea tulikaa mbali, tumegeuza migongo tusione ule mwanga. Hapo ndipo nilipomwuliza Mama nilichokuwa nacho moyoni. Nilimwuliza alianza kuona kutu lini.

Alikumbuka vizuri. Mwaka wake wa nane kazini gari lilirudi kutoka Turkana likivutwa na trekta, kamba imefungwa kwenye pua, bwana amekasirika. Walikuwa wamekwama kwenye mchanga wa mto na kung'olewa kwa nguvu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Bwana alinyoosha bampa, akapaka rangi. Kuanzia safari iliyofuata kitambaa cha Mama kilitoka chekundu mahali pale pale. Alimwambia bwana mara moja tu. Bwana alimshukuru na kusema apake rangi nyingine juu, na kopo akampa. Kwa hiyo tabaka zile zote za rangi zilikuwa za mkono wake.

Nilihesabu kimyakimya. Miaka kumi na moja aliipaka ile rangi. Na mimi, binti yake, nilikaa siku tano nikipima na kuandika, nikamtumia kama mtu wa kusimama kando ya gurudumu na kusema sasa, na haikunijia hata mara moja kumwuliza mtu aliyelishika gari lile kwa mikono yake kuliko mtu yeyote duniani. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia naona haya.

Mama alifikiri kidogo. "Hukuniuliza, na wao hawakuniuliza," alisema. "Lakini hata mimi sikujua kuwa hiyo ni kitu. Nilijua ni kutu. Ile siku fundi alisema anatafuta kitu inatembea, ndiyo nikajua."

Hilo lilinituliza kidogo, ila si kabisa. Hata sasa nikiwa kazini, mfagizi wa maabara akiniambia kabati fulani lina harufu, naacha ninachofanya na kwenda kunusa.

Fundi alikuwa mwepesi kujifunza kuliko mimi. Kuanzia siku ya pili alikuwa akimwuliza Mama kila kitu. Maji ya mvua huingilia wapi. Mlango upi hulia. Mafuta yalikuwa yakidondokea upande gani wa banda. Mama alitembea naye kuzunguka gari akinyoosha kidole, na fundi akaweka alama za chaki. Kwa njia hiyo walikuta bomba la breki limeanza kuliwa karibu na gurudumu la nyuma, jambo ambalo halikuwa sehemu ya kazi tuliyoileta, na ambalo fundi alisema lingetuua mapema kuliko usukani. Walipomaliza, walikuwa wakiitana kwa majina ya koo zao na kubishana kuhusu namna ya kupika majani ya kunde.

Juu ya ulehemu aliweka bamba nene, ndani na nje, akalifunga kwa boliti zilizopita katikati, na kwenye kila tundu akaingiza kibomba cha chuma ili boliti zisibonyeze chesisi ikajikunja. Boksi ikarudishwa. Skrubu ile ya juu aliikaza robo ya mzunguko tu, magurudumu yakiwa yamenyooka, kisha akakata usukani hadi mwisho pande zote mbili kuhakikisha haushiki mahali. Nikapima. Sentimita tatu. Nilisubiri aseme kitu, naye akasema hizo ni za uzee, na za uzee ziachwe.

Aliendesha mwenyewe kwanza, mimi pembeni na Mama katikati yetu. Kwenye kipande kilichonyooka baada ya Kanduyi, barabara ikiwa tupu, aliinua viganja vyake sentimita chache juu ya usukani. Gari likaendelea kwenda mbele, limenyooka. Aliukata kidogo kwenye kona, akaulegeza, usukani ukarudi wenyewe taratibu kati ya mikono yake.

Mama aliangalia hayo yote. "Bwana alikuwa anarudi safari mabega yote yanamuuma," alisema. "Alikuwa anasema barabara za huku ni mbaya. Kumbe ilikuwa gari."

Nilimpigia simu jirani yangu wa Kibomet kumweleza. Aliniomba nimtumie picha ya ufa. Nilimtumia tatu. Baadaye aliniambia ameanza kuzigonga chesisi za magari ya zamani kwa nyundo ndogo na kusikiliza, na kwamba amekwisha kukuta pikapu moja yenye ugonjwa huo huo.

Tulifika Sirisia Jumatano. Nyumba iliegeshwa kando ya shamba la njugu la Mama, na kwa siku kadhaa majirani walikuja kuona sinki na kufungua makabati. Mama aliwaeleza kila kitu isipokuwa habari za ufa, ambazo aliona ni ndefu mno. Jumapili baada ya ibada, bado amevaa gauni la kanisani, aliniambia kuna jambo anataka. Anataka kuushika usukani gari likitembea, ajue walikuwa wanaongelea nini.

Uwanja wa shule ya msingi haukuwa na mtu. Niliweka gia ya kwanza, gari likaanza kutambaa lenyewe bila kukanyagwa, polepole kuliko mtu anayetembea, kisha tukabadilishana viti kwa kusukumana na kucheka, mimi nikabaki nimeshika breki ya mkono. Mama alishika usukani kwa mikono miwili juu kabisa, viwiko vimeinuka. Mwanzoni hakuukata. Tulikuwa tunaelekea kwenye magoli, nikamwambia akate.

Akakata kushoto kidogo. Pua ikasogea kushoto kidogo. Aliacha kupumua, nadhani. Akakata zaidi, gari likapinda zaidi, na akaniuliza magurudumu yanajuaje kwamba yeye amegusa huku juu. Nilimweleza njia yote, nguzo, boksi, mkono, tairodi, na akanisikiliza akiwa ametazama mbele, akirudia jina la kila kitu kwa sauti ndogo. Tulizunguka uwanja mara moja nzima, duara kubwa baya, tukapita karibu sana na mlingoti wa bendera.

Nilimwuliza kama imetosha. Alisema bado. Tulikuwa tumezunguka kwa kushoto tu, akasema, na yeye anataka kurudi kwa kulia, aone kama upande ule nao unasikia.